Dakika Tano za Kutuliza Akili

Leo tunazungumzia zoezi la kutuliza akili kila siku.

Mama huamka alfajiri, huwasha jiko, huwatayarisha watoto waende shule, huku akiwaza karo na unga. Mwili ukikaa, akili haikai. Msongo wa mawazo ukidumu huleta maumivu ya kichwa, kukosa usingizi na hasira za mara kwa mara, na mara nyingi anayezipokea ni mtoto.

Mwaka wa 2020 Shirika la Afya Ulimwenguni, WHO, lilitoa mwongozo wa kukabiliana na msongo. Mazoezi yake huchukua dakika chache tu kwa siku. Hili la leo halihitaji pesa.

Je, utaanzaje? Chagua wakati ambao tayari umeketi, kwa mfano unaponyonyesha, au kabla wengine hawajaamka. Legeza mabega. Fumba macho, lakini ukiwa umempakata mtoto yaache wazi. Vuta pumzi kwa pua, kisha uitoe polepole kuliko ulivyoivuta. Hapo mapigo ya moyo hupungua kasi na mwili hulegea. Endelea kuifuata pumzi ikiingia na kutoka.

Punde utajikuta unawaza deni la dukani. Wengi huachia hapo wakidhani wameshindwa. La, hujashindwa. Kutambua kwamba akili imetoroka na kuirudisha kwenye pumzi ndilo zoezi lenyewe. Irudishe kwa upole, kama unavyomrudisha mtoto anayetambaa kuelekea mlangoni, hata kama ni mara ishirini.

Wiki ya kwanza fanya dakika mbili kila siku, kisha ongeza hadi tano. Haba na haba hujaza kibaba.

Hata hivyo, zoezi hili si badala ya matibabu. Ukiwa na huzuni kwa wiki mbili au zaidi, au hupendezwi na chochote, nenda kliniki umweleze muuguzi. Ukipata mawazo ya kujidhuru au kumdhuru mtoto, usingoje: mwambie mtu wa karibu na ufike kituo cha afya siku hiyo hiyo. Huo ni ugonjwa kama malaria, si aibu, na hutibika.

Hadi juma lijalo, tunza mwili wako, tunza na akili yako.