Meli Moja, Abiria wa Aina Mbili

Ukimwuliza mwanafunzi yeyote hapa Nyamarambe, "Wahindi walifikaje Kenya?" atakujibu papo hapo, "Si waliletwa na Mwingereza kujenga reli?" Jibu hilo si la uongo, lakini ni nusu tu ya habari. Wahenga walinena: vyaelea, vimeundwa. Hebu basi tuitazame meli iliyowavusha, tuone ndani alikuwamo nani.

CHOMBO CHENYEWE

Kwa karne nyingi watu wa Bara Hindi na wa pwani yetu walisafiri kwa majahazi. Jahazi ni mtumwa wa upepo. Lilikuja na kaskazi, likarudi na kusi, na upepo ukigoma nahodha hana la kufanya ila kungoja. Meli ya moshi haikungoja kitu. Makaa ya mawe yaliwaka, maji yakachemka, na mvuke ukasukuma mitambo. Mfereji wa Suez ulifunguliwa mwaka wa 1869, na mwaka wa 1872 meli za kampuni ya British India zikaanza kuleta barua Zanzibar kwa ratiba maalum. Hata neno "meli" lenyewe limetokana na neno la Kiingereza la barua za posta!

ABIRIA WA MKATABA

Reli ya kutoka Mombasa hadi Ziwa Victoria ilianza kujengwa mwaka wa 1896. Vibarua wengi walitafutwa Punjab, maana huko reli zilikuwa zimekwisha kujengwa na watu walikuwa na ujuzi. A. M. Jeevanjee, mfanyabiashara wa Karachi, alikuwa mmoja wa waliopewa kazi ya kuwaleta. Kundi la kwanza, watu wapatao 350, lilifika Mombasa Januari 1896.

Watu hawa hawakulipa nauli. Walitia sahihi mkataba wa miaka mitatu. Kibarua wa kawaida alilipwa rupia 15 kwa mwezi pamoja na posho ya chakula, na mwisho wa mkataba alirudishwa kwao. Bure, basi? La hasha! Kati ya mwaka wa 1896 na 1901 waliletwa 31,983. Waliokufa ni 2,493, kwa maradhi, ajali na simba wa Tsavo. Reli yote hadi Kisumu ilikuwa na urefu wa maili 580 hivi. Yaani kila maili ilimeza zaidi ya watu wanne. Wengine 6,454 walirudishwa wakiwa wagonjwa au vilema. Waliobaki kuishi huku ni 6,724 tu, kama mmoja kati ya watano.

ABIRIA WA NAULI YAKE

Sasa, kama wengi walirudi, hao wenye maduka walitoka wapi? Ndiyo nusu ya pili. Katika meli zilezile walikuja watu wa Gujarati na Kachi waliojilipia, au waliolipiwa na ndugu. Wengi walikata tiketi ya sitahani, ile ya bei ya chini kabisa: mtu na mkeka wake, jua na mvua ni vyake.

Mashuhuri kati ya wafanyabiashara hao ni Allidina Visram. Yeye alifika Zanzibar akiwa kijana mwaka wa 1863, zama za jahazi. Reli ilipojengwa alifuata njia yake akifungua maduka, na akawaajiri vijana kutoka kwao. Leo shule moja ya Mombasa ina jina lake. Neno "duka" nalo lilisafiri mpaka kwetu. Mama akisema Ekegusii huliita "eduka".

FUNZO NI LIPI?

Kabla ya hapo, upande wa pili wa dunia, Wachina walivuka Bahari ya Pasifiki kwenda California, wengi kwa nauli ya mkopo ambayo ilibidi wailipe kwa jasho. Bahari ni nyingine, swali ni lilelile: nauli kalipa nani? Aliyelipa ndiye aliyeamua msafiri afanye kazi gani, wapi, na arudi lini.

Swali hilo latuhusu sana. Siku hizi wapo Wagusii waliohamia Minnesota, na wapo dada zetu wanaokwenda nchi za Ghuba kwa tiketi ya wakala na mkataba wa miaka miwili. Ndege ni ileile, abiria si mmoja. Ukiletewa karatasi, isome mpaka nukta ya mwisho kabla ya kutia sahihi.

Na tuache kumwambia kila Mhindi ati "mliletwa". Julai 2017 serikali iliwatambua Wakenya wenye asili ya Asia kuwa kabila la 44. Wengi wao ni wajukuu na vitukuu vya watu waliokata tiketi wenyewe; na wale walioletwa, maelfu hawakuiona Karachi tena. Hao wote tuwape heshima yao.