Andy Mulumba, Mkongomani aliyeingia NFL bila kuteuliwa

Mwaka 2013, Andy Mulumba, mzaliwa wa Congo aliyekulia Quebec nchini Kanada, alikuwa na kazi karibu mkononi. Katika uteuzi wa wachezaji chipukizi wa ligi ya Kanada, Winnipeg Blue Bombers ilimchagua wa pili. Lakini mlinzi huyo kutoka chuo kikuu cha Eastern Michigan aliitaka NFL ya Marekani, ambako klabu zote 32 zilikuwa zimempita. Green Bay Packers ilikubali kumjaribu, naye akafaulu kuingia kikosini.

Kazi yake ilikuwa kumkimbilia mrusha mpira wa timu pinzani na kumwangusha. Oktoba mwaka huo, nyota Clay Matthews alipovunjika kidole gumba, Mulumba alipata nafasi zaidi uwanjani.

Septemba 2014, katika mechi ya pili ya msimu, kano ya goti lake ilikatika. Msimu ukaishia hapo. Alirudi 2015, na mwaka uliofuata akajaribu bahati yake Kansas City Chiefs, lakini hakudumu.

Kwa mchezaji ambaye hakuna klabu iliyomteua, misimu mitatu Green Bay si haba.