Alama za Njia: Toka Dar es Salaam Hata Tunduma

Ndugu msomaji, kama nyumbani kwako yuko dereva wa malori ya safari ndefu, jambo hili walijua. Ukimwuliza amefika wapi, hakutajii kilomita. Atakuambia, "Niko Mbuyuni," au, "Nimemaliza Kitonga," na mama wa nyumba akisikia hivyo ajua kama yafaa kushukuru au kungoja. Watoto nao huyashika majina hayo kabla hawajapaona mahali penyewe.

Leo tuifuate njia mojawapo, njia kuu iendayo Zambia, ambayo toka Dar es Salaam mpaka mpakani Tunduma ni kilomita 930 hivi. Panda basi, ukae katikati, kati ya dereva na utingo wake.

Mto wa kwanza wa kuhesabiwa ni Ruvu. Daraja lake si la kutisha. Bonde ni tambarare, na masika yakizidi maji hutandaa huku na huku. Lakini dereva aliyepakia mzigo bandarini hapo ndipo anapoanza kuisikiliza injini yake vizuri, maana makelele ya mji yamebaki nyuma. Kama kuna kitu kinacholia vibaya, heri kilie hapa kuliko huko mbele.

Chalinze njia yagawanyika, na iendayo kulia ni ya Tanga na Moshi. Sisi hatupiti huko, lakini siwezi kupita Chalinze nisilitaje daraja la Wami, lililo katika njia hiyo. Daraja la zamani lilijengwa mwaka 1959, nalo lilikuwa jembamba, gari moja likivuka jingine lasubiri. Tena pande zote mbili ni mteremko. Lori lililoshindwa breki juu ya mteremko ule lilikuwa na njia mbili tu, ukingo wa daraja au mto wenyewe. Mwaka 2022 magari yalianza kupita katika daraja jipya, lenye urefu wa zaidi ya meta 500, pana, magari yapishana bila taabu. Hata hivyo, keti na dereva mzee anapokaribia Wami uone: mguu wake bado watafuta breki. Vijana huwacheka wazee kwa hilo. Mimi siwacheki.

Turudi njiani kwetu. Milima ya Uluguru yaonekana kushoto, na chini yake ni Morogoro. Hapo Msamvu dereva yeyote wa lori la mafuta hunyamaza kidogo. Asubuhi ya tarehe 10 Agosti, 2019, lori la mafuta lilipinduka karibu na hapo. Watu wakakimbilia kuchota petroli kwa madumu, moto ukalipuka, na waliokufa walizidi mia moja. Wazazi mnaokaa kando ya njia kuu, nawaomba muwasimulie watoto wenu habari hii waziwazi. Mvuke wa petroli hauonekani kwa macho, nao husafiri chini chini mpaka ukute cheche. Lori la mafuta likianguka karibu na kijiji chenu, kimbieni mbali nalo, na dumu liache nyumbani.

Mbele ya Morogoro twaingia Mikumi, hifadhi ya taifa tangu mwaka 1964. Njia yakata katikati ya mbuga kwa kilomita 50 hivi. Mchana ni furaha kwa abiria, maana twiga, nyati na swala waonekana dirishani. Usiku tembo ni mweusi kama lami yenyewe, na taa za gari humfikia kwa kuchelewa. Mwenye kugonga mnyama hutozwa faini, lakini aliyegonga tembo hujali kwanza kama yeye mwenyewe yu hai.

Toka hapo njia yashuka kuelekea bonde la Ruaha, na yafaa kukumbuka waliopita hapa kabla ya lami. Tarehe 11 Novemba, 1965, serikali ya walowezi ya Rhodesia, chini ya Ian Smith, ilijitangazia uhuru wake. Zambia, ambayo ilikuwa ikipata mafuta yake kwa njia ya kusini, ikafungiwa mlango. Basi mafuta yakaanza kupelekwa toka Dar es Salaam kwa malori, ndani ya mapipa, na malori yakarudi na shaba. Sehemu kubwa ya njia hii ilikuwa udongo mtupu: kiangazi vumbi la kuziba macho, masika tope la kumeza magurudumu. Wazungu waliipa jina lenye maana ya mbio za jehanamu. Mwaka 1968 bomba la mafuta mpaka Ndola likafunguliwa, kisha njia ikatiwa lami, na reli ya TAZARA ikakamilika mwaka 1975. Lakini majina ya mahali pabaya yaliyojulikana siku zile, madereva hawakuyaacha.

Ruaha Mbuyuni yajulikana kwa mibuyu yake. Imesimama bondeni na juu ya vilima, mikubwa, mamia kwa mamia, na wakati wa kiangazi haina hata jani. Joto la hapo ni kali. Wenyeji hulima vitunguu kwa maji ya mto na kuviuza kando ya njia. Dereva hununua, lakini si vitunguu tu vinavyomsimamisha. Hapa hupoza injini, hugonga magurudumu kwa nyundo au chuma asikie mlio wake, hutazama breki, na huuliza wenzake watokao juu: mlimani kukoje? Maana mbele ni Kitonga.

Kitonga ni ukuta wa mlima unaotoka katika joto la bonde na kupanda mpaka kwenye baridi ya Iringa. Njia imechongwa ubavuni, upande mmoja jabali, upande wa pili korongo, na kona hufuatana. Lori lililojaa hupanda kwa gea ya chini kabisa, mtu aendaye kwa miguu aweza kulipita. Utingo huwa tayari na kabari mkononi, gari likikata pumzi aruke na kulizuia gurudumu. Gari likiharibika, hukatwa matawi na kutandazwa barabarani nyuma na mbele, na kila dereva ajua maana yake: punguza mwendo, mwenzako yuko taabuni. Desturi hii ni nzuri sana. Kasoro yake ni wale watumiao mawe badala ya kabari, kisha gari likipona huondoka na kuyaacha mawe pale pale katikati ya njia, yamngoje mwenzao wa usiku. Huo ni ukatili, hata kama mtu amechoka namna gani.

Juu ya Kitonga safari huwa nyepesi. Iringa kileleni pake, kisha Mafinga na misitu ya misonobari, ambako ukungu wa alfajiri humfanya dereva atoe kichwa dirishani. Makambako njia ya Njombe na Songea yachepuka. Halafu nyanda za Mbarali, Uyole, Mbeya, na mwisho foleni ya malori ya Tunduma, ambayo wakati mwingine humla dereva siku nyingi kuliko safari yenyewe.

Kisha hugeuza gari. Sasa amebeba shaba, na alama zote zaja kwa kinyumenyume. Kitonga ya kupanda na Kitonga ya kushuka si mlima mmoja. Wakati wa kupanda injini ndiyo ipatayo taabu, na gari likishindwa husimama. Wakati wa kushuka, breki zikipata moto hazishiki, na tani thelathini za shaba hazina subira. Kwa hiyo mwenye akili huingiza gea ndogo angali juu, kabla ya kona ya kwanza, maana katikati ya mteremko huenda gea ikakataa kuingia.

Ndiyo sababu simu ya usiku toka kwa dereva huwa fupi. Wa nyumbani hauliza amekula nini wala mzigo umelipwa kiasi gani. Yule wa njiani asema, "Nimeshuka Kitonga, niko Mbuyuni, napoza gari," na taa ya chumbani yazimwa.