Mashine Mbili, Lugha Moja: Sauti ya Tarakimu Kutoka Rekoda ya DVD

Miaka kadhaa iliyopita niliitwa katika shule moja ya sekondari kuitazama rekoda ya DVD ambayo walimu walikwisha kuihukumu kuwa imekufa. Picha ilionekana vyema katika televisheni, bali amplifaya iliyounganishwa nayo haikutoa sauti hata kidogo. Fedha za kununua rekoda nyingine zilikuwa zimekwisha kutengwa, tena kutoka katika fungu la maabara. Sikufungua skrubu hata moja. Nilibadili neno moja tu katika orodha ya mipangilio ya rekoda, na sauti ikarudi. Makala haya yanaeleza neno hilo na sababu yake.

Sauti ni mtetemo wa hewa upandao na kushuka mfululizo. Maikrofoni huugeuza mtetemo huo kuwa wimbi la umeme. Ili kulihifadhi wimbi hilo katika diski, kimo chake hupimwa mara nyingi katika kila sekunde, na kila kipimo huandikwa kwa tarakimu mbili tu, yaani 0 na 1. Kila tarakimu ya namna hiyo huitwa biti. Tuseme vipimo ni 48,000 kwa sekunde, kila kimoja kina biti 16, na njia za sauti ni mbili, ya kushoto na ya kulia. Basi 48,000 × 16 × 2 = biti 1,536,000 kwa sekunde. Utaratibu huu huitwa PCM.

Kwa kuwa mzigo huo ni mkubwa, wahandisi walibuni njia za kuubana. Mojawapo ni Dolby Digital, ambayo hupunguza habari za sauti ndogo zinazofunikwa na kubwa, ambazo sikio lisingezitambua. Katika diski ya DVD haizidi biti 448,000 kwa sekunde, hata kama njia za sauti ni sita.

Nyuma ya rekoda aghalabu pana tundu la sauti ya tarakimu. Tundu la waya hupitisha mapigo ya umeme. Tundu la nuru hupitisha mapigo ya nuru nyekundu ndani ya unyuzi wa plastiki. Biti zinazopita ni zile zile. Faida ya plastiki ni kwamba haipitishi umeme. Kwa hiyo mngurumo utokanao na nyaya za ardhini hauwezi kupitia humo.

Sasa tulifikie lile neno. Orodha ya mipangilio huuliza: PCM au Bitstream? Ukichagua Bitstream, rekoda hupeleka biti zilizobanwa kama zilivyo, na ni juu ya amplifaya kuzifumbua. Ukichagua PCM, rekoda huzifumbua yenyewe kwanza. Amplifaya ya shule ile ilijua PCM tu. Ilikuwa kama mtu ajuaye herufi za Kirumi pekee, akapewa barua ya Kiswahili iliyoandikwa kwa herufi za Kiarabu: lugha ni yake, lakini hawezi kuisoma.

Kimya si tatizo baya kuliko yote. Baadhi ya amplifaya za zamani huzichukua biti zilizobanwa kana kwamba ni vimo vya wimbi, zikatoa kelele kali iwezayo kudhuru spika na masikio. Kwa hiyo fuata utaratibu huu: kwanza, punguza sauti ya amplifaya hadi mwisho. Pili, chagua katika amplifaya tundu ulilolitumia. Tatu, soma kitabu chake. Kama Dolby Digital haikutajwa, weka PCM. Mwisho, pandisha sauti polepole. Unyuzi wa nuru usikunjwe kwa nguvu.

Walimu wawape wanafunzi zoezi hili: diski ya muziki ya CD hutumia vipimo 44,100 kwa sekunde, biti 16, njia mbili. Je, ni biti ngapi kwa sekunde? Atakayepata 1,411,200 ameelewa. Na kabla ya kuihukumu mashine kuwa imekufa, hapana budi kuuliza kwanza kama mwenzake anaielewa.