Kuyapima Maziwa kwa Kilichomo Ndani Yake (Sehemu ya Tatu)

Makubaliano yaliyofikiwa na vyama vya siasa nchini Denmark mwezi Novemba 2024, ya kuwatoza wafugaji kodi kwa gesijoto za mifugo yao kuanzia mwaka 2030, yamejadiliwa zaidi kama jambo la tabianchi na la fedha, kwa kuwa kiwango chake kitaanza na kroner 300 kwa tani na kufika kroner 750 mwaka 2035, ingawa sehemu kubwa itasamehewa. Lisilotajwa sana ni kwamba kila anayetaka kulinganisha uchafuzi wa ng'ombe mmoja na wa mwingine hulazimika kuigawa gesi kwa maziwa, na hesabu hiyo haina maana yoyote mpaka ijulikane ni maziwa ya namna gani. Viungo vya maziwa, na jinsi lishe na mbegu ya ng'ombe zinavyovibadilisha, vilikwisha kuelezwa katika sehemu mbili zilizotangulia. Sehemu hii inahusu kipimo chenyewe na watu waliokihangaikia.

Wachukuliwe ng'ombe wawili waliokamuliwa siku moja. Wa kwanza, Friesian, ametoa kilo 20 za maziwa yenye mafuta asilimia 3.4 na protini asilimia 3.0, wa pili, Jersey, ametoa kilo 16 zenye mafuta asilimia 5.0 na protini asilimia 3.8. Anayetazama ndoo peke yake atamsifu wa kwanza, ilhali sehemu kubwa ya kilichozidi katika ndoo hiyo ni maji. Kanuni iliyotolewa na Sjaunja na wenzake mwaka 1990 huigeuza kila kilo kuwa nishati: asilimia ya mafuta huzidishwa kwa 0.383 na ya protini kwa 0.242, majibu hayo hujumlishwa pamoja na 0.7832, ambayo hasa husimama badala ya sukari ya maziwa, kisha jumla hugawanywa kwa 3.14, yaani megajuli za nishati zilizomo katika kilo moja ya maziwa ya kigezo yenye mafuta yapata asilimia 4. Jibu likizidishwa kwa kilo zilizokamuliwa, hupatikana maziwa yaliyosawazishwa kwa nishati. Kwa hesabu hiyo Friesian ana kilo 17.9, na Jersey, aliyeonekana kuachwa nyuma, ana kilo 18.4.

Wazo hilo ni la zamani zaidi. Mwaka 1923 W. L. Gaines na F. A. Davidson wa Chuo Kikuu cha Illinois walionyesha kwamba nishati ya maziwa huenda sambamba na mafuta yake, wakatoa kanuni nyepesi ambayo mfugaji angeweza kuikokotoa kwa penseli: kilo za maziwa mara 0.4, kuongeza kilo za mafuta mara 15. Hata wao, hata hivyo, wasingekuwa na namba za kuanzia kama kizazi kilichowatangulia kisingepata njia ya kuyapima mafuta nje ya maabara za wakemia, na hapo ndipo historia hii inapostahili kusimuliwa kwa kirefu, maana inahusu uaminifu kuliko inavyohusu kemia.

Katika miaka ya 1870 nafaka ya bei nafuu kutoka Marekani iliwaharibia soko wakulima wa Denmark, nao wakageukia siagi. Mwaka 1882, huko Hjedding, magharibi mwa Jutland, wafugaji walianzisha kiwanda cha maziwa cha ushirika, na mfano wao ukaenea nchi nzima kwa muda mfupi. Maziwa ya wote yalichanganywa pamoja na kila mmoja akalipwa kwa uzito, hivyo aliyeengua malai nyumbani kabla ya kupeleka, au aliyeongeza maji ya kisima, alilipwa sawa na jirani aliyepeleka maziwa kamili, na fedha aliyozidishiwa ilitoka mfukoni mwa jirani huyo. Dhuluma ya namna hiyo huvunja ushirika haraka kuliko ukame au kushuka kwa bei, kwa sababu humfundisha mwaminifu kwamba uaminifu wake unamtia hasara. Dawa iliyoletwa na N. J. Fjord, mtafiti wa Copenhagen, ilikuwa sentrifuji ya ukaguzi, yaani mashine iliyozungusha kwa kasi mirija ya sampuli za wanachama wengi kwa wakati mmoja, malai yakajitenga na kiasi chake kikasomwa, na malipo yakaanza kufuata ubora.

Huko Wisconsin, Marekani, ugomvi ulikuwa huohuo, na aliyeumaliza ni Stephen Babcock, mkemia wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Madison, kwa njia aliyoitangaza mwaka 1890. Mililita 17.6 za maziwa hutiwa katika chupa yenye shingo nyembamba iliyochorwa mistari, kisha huongezwa asidi ya salfuriki ya kiasi kinachokaribiana na hicho. Chupa hupata moto na maziwa hugeuka rangi ya kahawa, kwa kuwa asidi huyeyusha kila kitu isipokuwa mafuta. Chupa huzungushwa kwa kasi, hutiwa maji ya moto, na mafuta hupanda shingoni yakiwa safu ya manjano ambayo urefu wake husomwa moja kwa moja kama asilimia. Mpokeaji maziwa wa kijijini aliweza kuifanya kazi hiyo, na mfugaji aliweza kusimama kando yake akaisoma mistari kwa macho yake mwenyewe. Babcock alikataa kuiwekea hataza, akaiacha iwe mali ya wote, ingawa ingeweza kumtajirisha. Uamuzi huo unastahili kufundishwa katika kila chuo cha kilimo pamoja na njia yenyewe.

Hatua iliyofuata ilirudi Denmark. Mwaka 1895 wafugaji wa Vejen waliunda chama cha kwanza cha udhibiti, wakaajiri mkaguzi aliyezunguka shamba hadi shamba akipima maziwa ya kila ng'ombe, mafuta yake na chakula alichokula, na kuyaandika yote katika daftari. Ng'ombe akaanza kuhukumiwa kwa kumbukumbu badala ya umbo na sifa za mwenye mali.

Protini ilichelewa. Johan Kjeldahl wa maabara ya Carlsberg mjini Copenhagen alikuwa ametoa mwaka 1883 njia ya kupima naitrojeni, ambayo kwa maziwa huzidishwa kwa 6.38 ili kupata protini, lakini njia hiyo ni ndefu mno kwa maelfu ya sampuli, na ni mashine za miale ya infraredi, zilizoenea kuanzia miaka ya 1970, zilizoifanya kuwa jambo la kila siku.

Kuhusu kodi yenyewe, yatosha kusema kwamba ulinganifu wa haki lazima utumie maziwa yaliyosawazishwa. Ripoti ya mwaka 2010 ya Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) ilifanya hivyo, ikapata wastani wa dunia wa kilo 2.4 za gesijoto kwa kila kilo ya maziwa, na takriban kilo 7.5 kwa Afrika kusini mwa Sahara, ambako ng'ombe hutoa maziwa machache lakini pia hutoa mbolea, hulima, na huwa akiba ya familia.

Afrika Mashariki bado inahesabu lita. Kampuni ya maziwa ya New KCC ya Kenya ilipopandisha bei mwaka 2024, ilitangaza shilingi 50 kwa lita, kana kwamba lita zote ni sawa. Lakitomita inayotumika katika vituo vya kupokea maziwa hupima uzito wa maziwa ukilinganishwa na wa maji, lakini haisemi lolote la hakika kuhusu mafuta: kuengua malai huongeza uzito huo, kuongeza maji huupunguza, na mjanja akifanya yote mawili kwa kiasi chake, kipimo husoma kawaida. Anayeumia ni mwenye Jersey, au mwenye ng'ombe wa asili, ambaye maziwa yake ni machache lakini mazito. Vyama vya ushirika vya wafugaji, kuanzia Kiambu hadi Tanga, vinapaswa kudai kwamba risiti ya kila mwanachama iandikwe asilimia ya mafuta kando ya kilo, hata kama kwa kuanzia sampuli itapimwa mara mbili tu kwa mwezi.