Mafuta ya Marufuku Mlangoni pa Beira

Walowezi wachache wa Rhodesia, wakiongozwa na Ian Smith, walijitangazia uhuru tarehe 11 Novemba 1965. Mafuta yao yalipitia bomba lililotoka bandari ya Beira, katika Msumbiji iliyokuwa chini ya Wareno, hadi kiwanda cha kusafishia mafuta karibu na Umtali. Tarehe 9 Aprili 1966 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, kwa azimio namba 221, liliipa Uingereza mamlaka ya kuzuia, hata kwa nguvu, meli zenye mafuta ya Rhodesia zisifike Beira. Meli Joanna V, iliyokwisha kutia nanga huko, haikuteremsha shehena yake. Manuela iligeuzwa baharini. Bomba likabaki bila kazi.

Hata hivyo magari ya Salisbury hayakusimama. Manowari za Uingereza ziliilinda Beira hadi Juni 1975, Msumbiji ilipojitawala. Lakini azimio lilitaja Beira peke yake. Huko Lourenço Marques, ambayo leo ni Maputo, mafuta yaliteremshwa kwa jina la wanunuzi wa Afrika Kusini, kisha yakapakiwa katika mabehewa kuelekea Rhodesia.

Askari wa bandarini huikuta bangi kwa macho na pua, na silaha huidai kibali. Mafuta hayana alama hiyo. Pipa lililokwenda Zambia lilikuwa halali, na pipa la namna ile ile lililokwenda Rhodesia lilikuwa haramu. Tofauti ilikuwa mwisho wa safari, nao uliandikwa katika karatasi na mwenye kuuza. Zambia yenyewe, iliyokatiwa mafuta Desemba 1965, ililetewa kwa ndege na malori kutoka Dar es Salaam, hadi bomba la TAZAMA lilipofunguliwa mwaka 1968.

Ripoti ya Bingham, iliyotolewa London mwaka 1978, ilifichua kwamba makampuni tanzu ya Shell na BP yalishiriki katika biashara hiyo. Tangu 1968 kampuni ya Kifaransa, Total, iliipelekea Rhodesia mafuta, nayo ikarudishiwa kiasi kama hicho ndani ya Afrika Kusini. Kwa hila hiyo London iliweza kudai kwamba mafuta ya Waingereza hayakuvuka mpaka, ingawa baadhi ya wakubwa wa serikali walikwisha kuarifiwa. Manowari zilikuwa zingali zikizunguka Beira.

Msumbiji huru, kwa hasara kubwa kwake, iliufunga mpaka tarehe 3 Machi 1976. Tangu hapo Smith alibaki na mlango mmoja tu, wa makaburu.