Jino limetoboka? Usikimbilie kung'oa

WAHENGA walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Msemo huu huwafaa hasa watu wenye meno yaliyotoboka. Wengi wetu huku Likoni, Kisauni na Changamwe humwendea daktari wa meno siku ambayo shavu limefura na usingizi umepotea. Wakati huo ombi huwa moja tu: "Ng'oa!" Ilhali jino lilo hilo, lau lingepelekwa mapema, lingezibwa na kuendelea kutafuna kwa miaka mingi.

Dawa inayotumika sana siku hizi kuziba meno ni mchanganyiko wenye rangi ya jino uitwao kompositi. Ule wa kisasa zaidi huitwa nanokompositi. Jina ni geni, lakini wazo lake unalijua. Tazama nyumba ya udongo: fito peke yake hazizuii upepo, na udongo peke yake hubomoka. Vikishikana, ukuta husimama. Kompositi nayo ni vitu tofauti vilivyounganishwa ili kila kimoja kifunike udhaifu wa mwenzake.

Imetengenezwa kwa nini?

"Udongo" wake ni resini, yaani plastiki laini ambayo huwa ngumu ikimulikwa kwa taa ya buluu. "Fito" zake ni chembe za kioo na za silika, madini yaliyomo pia katika mchanga. Chembe hizo hupakwa kemikali ya kuzishikanisha na resini. Resini iliyofungua njia ilivumbuliwa na mtafiti wa Marekani, Rafael Bowen, aliyepewa haki ya uvumbuzi huo mwaka wa 1962.

Aina hutofautiana kwa ukubwa wa chembe. Kompositi za kwanza zilikuwa na chembe kubwa. Uso wake ulikwaruza ulimi na kushika rangi ya chai. Zikafuata zenye chembe ndogo mno, ambazo ziling'ara vizuri lakini hazikuhimili kazi ya magego. Ndipo wataalamu wakachanganya kubwa na ndogo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zikaja nanokompositi, zenye chembe zisizozidi nanomita 100, baadhi zikiwa zimeshikana vishada vishada. Gawanya milimita moja mara milioni, kila kipande ni nanomita moja. Faida yake ni mbili: uso hubaki laini, na jino hustahimili kutafuna.

Ufundi huu haukuanzia kinywani. Katika miaka ya 1990 kampuni ya Toyota huko Japani ilitumia nailoni iliyochanganywa na chembe za udongo wa mfinyanzi kutengeneza vifuniko vya mkanda wa injini, vyepesi lakini vyenye kustahimili joto.

Na ile ya rangi ya fedha?

Dawa ya zamani, amalgamu, ni imara na hudumu. Hata hivyo, karibu nusu ya uzani wake ni zebaki. Chini ya Mkataba wa Minamata, uamuzi wa mwaka wa 2022 ulitaka isitumiwe kwa watoto walio chini ya miaka 15, akina mama wajawazito na wanaonyonyesha, ila daktari akiona hapana budi. Mwaka wa 2025 nchi wanachama zilikubaliana iachwe kabisa ifikapo 2034. Ikiwa unayo tayari na ni nzima, iache ilivyo. Kuichimba ndiko hutoa mvuke wa zebaki.

Udhaifu wa kompositi

Nanokompositi nayo ina masharti. Kwanza, haipatani na mate: jino likilowa wakati wa kazi, dawa haishiki. Pili, hupungua kidogo inapokauka, kwa asilimia 2 au 3, na mwanya ukibaki pembeni uozo hurudi humo. Ndiyo sababu daktari huiweka tabaka kwa tabaka, kila moja kama milimita 2, na kuimulika. Kwa hivyo usimharakishe daktari kwa ajili ya kuwahi feri.

Pasipo na umeme pia kuna njia. Katikati ya miaka ya 1980, huko Tanzania, ulianzishwa utaratibu wa kukwangua uozo kwa vifaa vya mkono na kuziba kwa dawa inayoshika bila mashine. Aina ya saruji ya kioo inayotumika humo hutoa floraidi, na hufaa hasa kwa watoto.

Ufanye nini?

Ukinywa maji baridi au ukila haluwa na jino likakuchoma kidogo, hiyo ndiyo siku ya kwenda kliniki. Ukingoja hadi jino likuamshe usiku au litoe usaha, uozo umeshafika kwenye neva. Hapo dawa ya kuziba pekee haitoshi, na hubakia kutibu mzizi au kung'oa.

Hakikisha anayekuhudumia amesajiliwa, na umuulize: jino hili laweza kuzibwa? Utatumia dawa gani? Nyumbani, sugua meno mara mbili kwa siku kwa dawa yenye floraidi, na usiwaache watoto wakimumunya mabuyu ya sukari kutwa nzima.

Jino la utu uzima likishang'oka, jingine halioti.